Bwana Harusi Alizama Kabla ya Soni

Najua mshaiona ile klipu. Mimi mwenyewe nimetumiwa jana usiku kwenye grupu la ukoo wa mke wangu, halafu grupu la kazini, halafu ikaja tena kutoka kwa mtu wa Bukoba ambaye hata sura yake siijui, kaandika "huyu si wewe?" Ndiyo. Yule mwenye kanzu nyeupe anayepepea injini ya gari kwa mfuniko wa hotipoti ni mimi. Aliyerekodi anajijua. Alikuwa kiti cha nyuma, alikula mayai yangu ya kuchemsha kuanzia Segera, na bado kaikata klipu pale panapomfaa yeye.

Tulikuwa tunapeleka Lushoto keki ya harusi ya shemeji yangu. Mbele alikaa shangazi wa mke wangu, keki kaipakata: ghorofa tatu, krimu nyeupe, juu kabisa wamesimama maharusi wa plastiki, kila mmoja kachomekwa kwake. Nyuma mke wangu, huyo mpiga picha, na baba mdogo wa mke wangu, mzee mkimya aliyevaa koti la baridi tangu tunaondoka Tanga, maana Lushoto mwezi wa saba haina masihara. Kiyoyozi kilikuwa cha keki, si chetu. Mombo tukasimama, tukanywa soda, nikapamba gari kidogo tusije tukaingia ukweni kinyonge, tukaanza kupanda.

Kwa ambaye hajapita: kutoka Mombo kwenye joto, unapita mji mdogo wa Soni, mpaka Lushoto, karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, ni kilomita 30 na ushee za kona tupu. Mkono mmoja mwamba, mkono wa pili bonde, nyuma yako fuso inapiga honi. Pa kuegesha mpaka upatafute.

Kona za mwanzo tu, kiyoyozi kikaanza kutoa hewa ya uvuguvugu. Nikasema gesi imepungua. (Hapo mwenye akili zake angeshuka akaangalia. Twendeni.) Mbele kidogo ikawaka taa nyekundu. Kigari changu hakina mshale wa joto. Kina taa ya bluu asubuhi injini ikiwa baridi, na hiyo nyekundu, ambayo mpaka siku hiyo nilikuwa naijua kwenye kitabu tu.

Sasa mnanijua, sipendi abiria wapate hofu. Nikaanza kutoa somo. "Msijali kabisa. Gari likichemsha mahali huwezi kusimama, unazima kiyoyozi, unawasha hita mpaka mwisho. Hita nayo ni rejeta ndogo, inachukua joto la injini inalileta huku ndani." Na ni kweli, muulizeni fundi yeyote. Nikazungusha kitufe mpaka kikagota, na upepo nikaupandisha namba ya mwisho.

Huku ndani ndiko ilikokuwa keki.

Shangazi alikuwa amefunga kioo chake ili vumbi lisiingie kwenye krimu, na matundu ya hewa yalikuwa yanamtazama yeye na mzigo wake. Kona ya kwanza, hakuna neno. Ya pili, nikasikia harufu ya vanila, nikadhani ni marashi ya mke wangu. Ya tatu, kwa pembe ya jicho nikaliona ua la krimu la ghorofa ya juu linashuka. Halikudondoka, jamani, lilishuka. Likafika ukingoni, likasita, likajitupa kwenye khanga ya shangazi. Shangazi akaliangalia ua. Mimi nikaangalia barabara.

Kisha bwana harusi akaanza kuinama. Alianza kwa adabu, kichwa tu, utadhani anaamkia wakwe. Zikafuata nyayo kutitia. Zikafuata magoti. Bibi harusi pembeni yake wima, anatabasamu, hana habari. Ndani ya gari hakuna aliyekohoa. Kwenye kioo nikamwona mzee anafungua kifungo cha kwanza cha koti. Akatulia. Akafungua cha pili.

"Mkwe," shangazi akasema, hata sauti hakupandisha.

"Naam, shangazi."

"Bwana harusi anazama."

"Vumilia kidogo shangazi, taa inakaribia kuzima."

"Kafika kifuani."

Taa haikuzima. Nilipopata upenyo, mahali wakina mama wanapouza matunda damu, nikaegesha. Nikafungua boneti kwa uangalifu nisije nikachana mapambo, nikaanza uchunguzi, na hapo ndipo yule mwenzangu alipotoa simu yake.

Naomba mnielewe, uchunguzi niliufanya kitaalamu. Feni ilikuwa inazunguka kwa nguvu zote, inaunguruma, kwa hiyo si feni, si fyuzi. Nikazima gari. Hozi ya juu ya rejeta na ya chini zote za moto, kwa hiyo thamostati imefunguka na maji yanazunguka. Ingegoma, ya juu ingeungua na ya chini ingekuwa baridi. Chini ya gari pakavu, kopo la akiba la kulanti, yale maji ya kupozea injini, limejaa mpaka mstari wake. Mfuniko wa rejeta sikuugusa, wajinga ndio hufungua rejeta ya moto. Nikachomoa stiki: oili safi, haina rangi ya maziwa. Moshi mweupe kwenye ekzosi hatukuuona njia nzima.

Kila kitu kizima. Mtu mwingine angefurahi. Mimi nikawageukia wakwe zangu, nikafuta mikono, nikatangaza: "Ni gasketi ya silinda hedi. Ikianza huwa haina dalili."

Palepale nikampigia fundi wangu wa Tanga, nikamtumia hela kwa simu anunue gasketi apande basi la alfajiri. Nikamweleza na baba mdogo, kwa kuwa alikuwa amesimama pembeni peke yake nikamwonea huruma, rejeta ni kitu gani. Nilitumia na viganja, hiki maji, hiki upepo. Mzee akaitikia, "Ahaa." Kisha nikachukua mfuniko wa hotipoti nikaanza kupepea. Hiyo ndiyo klipu yenu.

Nimepepea mpaka mkono umekufa ganzi, ndipo mzee akasogea, "Mkwe, niruhusu hapo mbele." Nikampisha, nikamwonya asiungue.

Akachuchumaa. Mombo, wakati wao wanakunywa soda, mimi nilichukua satini ya zambarau nikaikunja maradufu, nikaivuta kutoka taa ya kushoto mpaka ya kulia, ikafunika shoo yote, ule wavu wa mbele ya rejeta, na tundu la chini kwenye bampa. Ndani ya satini nikatandika nailoni, ili wadudu wasiichafue. Na ile feni nzima, jinsi ilivyokuwa inavuta, ndivyo nailoni ilivyozidi kujibana. Mzee akaishika ncha, akaibandua. Ikalia pwaa, wale wakina mama wa matunda wote wakageuka.

"Mkwe," akasema, "gari lako linapumulia wapi?"

Hakusema lingine. Akaikunja satini vizuri, akanikabidhi, akarudi kukaa. Mke wangu ndiye aliyeninong'oneza, kachelewa mno, kwamba baba mdogo ameendesha malori ya mbao kwenye mlima huohuo mpaka alipostaafu.

Injini ilipopoa tukapanda, taa haikuwaka tena. Shemeji alilia, akanyamaza, akalia tena alipoona khanga ya shangazi. Krimu ikapakwa upya usiku, harusi ikafungwa, picha zote za keki zimepigwa upande mmoja. Ukweni sasa wananiita Hita, na watoto nao.

Fundi alishapanda basi. Nilimlipa nauli ya kuja na ya kurudi, akala pilau, akasema hajawahi kupata kazi nzuri namna hiyo. Kwa hiyo, kama kuna mwenye kigari kidogo cha sisi 1300 kinachochemsha kweli, nina gasketi mpya ya silinda hedi, haijatolewa kwenye karatasi yake. Bei maelewano. Ila kwanza angalia shoo.