Lushoto Wakati wa Joto: Anasa au Haki ya Usingizi?

Kila kaskazi inapoanza kuvuma na Dar es Salaam ikafukuta, wanaofunga mizigo kwenda Lushoto huambiwa kwamba wanaiga wakoloni. Lawama hiyo ina chimbuko, kwani Wajerumani, walioupa mji huo jina la Wilhelmsthal, waliupendea ubaridi wake. Hata hivyo, milima ya Usambara haikupoa siku alipofika Mjerumani, na sioni kwa nini mapenzi yake yawe kizuizi kwa mtu wa Temeke leo.

Linalosahaulika katika mjadala huu ni usiku. Mchana wa nyuzi 32 mtu wa pwani ameuzoea. Kinachomchosha ni usiku wa Februari, ambao joto lake hushuka kwa shida hadi nyuzi 25, unyevu ukizuia jasho kukauka na feni ikizungusha hewa ile ile ya moto. Mwenye kiyoyozi hayajui haya, na mara nyingi ndiye anayecheka. Lushoto iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kwa kuwa hewa hupoa takribani nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 za kupanda, mgeni huomba blanketi mwezi ule ule ambao nyumbani hata shuka ilikuwa mzigo. Watoto hulala hadi kunakucha. Sijui tangu lini usingizi wa mtoto umekuwa anasa.

Safari yenyewe si ya matajiri pekee: ni basi hadi Mombo, kisha kona za kupitia Soni, na mwisho chumba katika nyumba ya wageni ya kawaida. Kabichi na pichesi hununuliwa kwa mkulima Msambaa mwenyewe, kabla lori na dalali hawajaongeza chao.

Wanaopinga wana hoja nzito zaidi ya ile ya ukoloni. Ardhi ya milimani ni finyu, mashamba yamebanana kwenye miteremko, mvua kubwa huporomosha udongo barabarani, na maji ya mto Soni ndiyo yanayomwagilia mpunga kule Mombo. Nyumba ya mapumziko inayojengwa juu ya shamba, ikakaa tupu miezi kumi, ni hasara ya kweli. Ila hasara hiyo huletwa na mnunuzi wa viwanja, na kama kuna la kuzuia kwa sheria, ni ujenzi wake kwenye miteremko na vyanzo vya maji. Mgeni wa siku nne hurudi Mombo na kikapu cha karoti, na blanketi huliacha kitandani.