Haya ya Mtu Mzima Kushika Juzuu

Jioni nikishaondoa vyombo, bibi ninayemtunza hapa New York hubaki mezani akisoma kwa sauti mistari michache ya Torati kwa Kiebrania, na mjukuu wake, aliyeyapitia masomo hayohayo mwaka jana, humsahihisha kila anapoteleza. Bibi amepita miaka sabini. Hukosea, akarudia, akakosea tena, wala haoni haya kwa mtoto wala kwangu mimi mfanyakazi wake. Jambo hilo hunifurahisha, kisha huniudhi, kwa sababu hunirudisha nyumbani Tanga.

Anajiandaa kwa bat mitzva, sherehe ambayo kwa kawaida binti wa Kiyahudi huifanya afikapo miaka 12 au 13, umri wa kuwajibika na amri za dini yake. Utotoni hakufanyiwa, kwa kuwa kwao masomo hayo yalikuwa ya kaka zake. Hata hapa Marekani, anayetajwa kuwa wa kwanza ni Judith Kaplan, mwaka 1922, na ilichukua miongo kadhaa kabla jambo hilo halijazoeleka. Kwa sheria ya dini yake bibi hadaiwi chochote: mtoto akifikia umri, wajibu humwingia hata asiposoma herufi moja mbele za watu. Angeweza kunyamaza maisha yake yote. Amechagua kujiunga na darasa la watu wazima katika sinagogi lao na kuanza na alef, bet, gimel.

Aliyepitia chuoni, yaani madrasa ya Kurani, ataielewa upesi kazi yenyewe. Msahafu wetu una irabu. Gombo la ngozi la Torati linalosomwa Jumamosi asubuhi halina irabu, halina alama za mahadhi, wala halionyeshi aya inaishia wapi. Kwa hiyo bibi hujifunzia kwenye kitabu chenye safu mbili, moja ikiwa na irabu na alama zote, ya pili ikiwa kama gombo lilivyo. Huhifadhi kwa ile ya kwanza na kujipima kwa ile ya pili. Siku yenyewe atafuata mstari kwa kijiti chenye ncha ya umbo la mkono, maana ngozi ile haiguswi kwa kidole, na akikosea neno atasahihishwa papo hapo, waumini wote wakisikia, naye atalirudia. Anajua hivyo na bado anajiandaa.

Mama yangu mkubwa alitolewa chuoni kabla ya kuhitimisha Kurani ili alee wadogo zake. Sura fupi alizipata kwa kusikia. Kwenye khitma, kisomo cha Kurani nzima, watu wanapogawana juzuu, yaani sehemu zake, hupokea yake, huifungua, huchezesha midomo, na baada ya muda hugeuza ukurasa. Sote tunajua. Hakuna aliyewahi kumwambia njoo nikufundishe, naye hawezi kuomba, kwa sababu alifu na be ni za watoto, na akionekana huko mtaa mzima utakuwa na la kusema.

Najua nitakavyojibiwa: amekaa ugenini, sasa anatudharau na kusifu ya Wazungu. Si ya Wazungu. Jirani zetu Abayudaya wa Mbale, Uganda, wameishika dini ya Kiyahudi tangu 1919, enzi za Semei Kakungulu aliyeianzisha kwao, na hata Idi Amin alipoipiga marufuku si wote walioiacha. Wala sidharau chuo kilichonilea. Mtoto wa Tanga anayesoma Juzuu Amma kwa ghaibu ni fahari yangu, na huku nimemsifu mbele ya watu waliodhani hatuna tunachojua.

Wala sisemi kwamba hatujawahi. Mwalimu Nyerere aliufanya mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na bibi zetu walishika chaki wakaandika majina yao. Mwaka 2004 Kimani Maruge aliingia darasa la kwanza kule Eldoret akiwa na miaka 84, na Afrika Mashariki nzima ikampigia makofi. Tulimshangilia kwa kuwa alikuwa mbali. Aliye ndani ya nyumba zetu tunamwambia samaki mkunje angali mbichi, tena tunadhani tumemwambia hekima!

Mtaniambia darsa za akina mama zipo misikitini. Zipo, nami nimezihudhuria, lakini nilizoziona mimi ni za kusikiliza: mwalimu husema, wao huitikia, wala hakuna anayetakiwa asome. Ninayoitaka ni ya kushika juzuu mkononi, jioni, watoto wakishatawanyika, ili mama mkubwa achanganye jimu na ha mbele ya wenzake wanaozichanganya vilevile, na asahihishwe bila mtu kucheka. Wenye uwezo wa kusomesha mpo. Mmoja wenu aanze pale Ngamiani, hata kwa wanawake watatu, nami nitalipa posho ya mwalimu na kununua hizo juzuu.