Betri ndogo ya duara: herufi kwanza, ukubwa baadaye

Ukienda kwa fundi saa pale Kariakoo, au kwa kijana aliyepanga chaja na kava za simu kwenye meza karibu na kituo cha daladala, biashara ya betri ndogo huisha haraka. Unampa kifaa, anafungua mfuniko, anatoa betri iliyokwisha, anailinganisha kwa macho na zilizo kwenye kadi yake, anachomoa moja inayolingana na kuitia. Kifaa kinawaka, unalipa, unaondoka. Kwa maoni yangu, hapo ndipo makosa yanapoanza. Betri hizi zinafanana umbo, lakini ndani ni vitu tofauti kabisa, na tofauti yenyewe imeandikwa mgongoni mwa kila betri kwa maandishi madogo ambayo wengi wetu hatuyasomi.

Maandishi hayo si ya kubahatisha. Herufi ya kwanza inataja kemikali: L ni alkali, S ni oksidi ya fedha, C ni lithiamu, P ni zinki inayotumia hewa. Herufi ya R inayofuata inamaanisha tu kwamba betri ni ya duara. Kwa hiyo LR44 na SR44 zina upana mmoja wa milimita 11.6 na unene mmoja wa milimita 5.4, ukiziweka kiganjani huwezi kuzitofautisha, lakini moja ni ya alkali yenye volti 1.5 na nyingine ni ya fedha yenye volti 1.55. Zile za CR hutoa volti 3. Mtu anayechagua kwa ukubwa peke yake anakuwa hajachagua chochote bado.

Tofauti ya sehemu moja ya ishirini ya volti inaonekana ndogo, na tatizo wala haliko hapo. Liko kwenye namna betri inavyoisha. Ya alkali hushuka volti polepole tangu siku ya kwanza: 1.5, 1.4, 1.3, inaendelea kuteremka. Ya fedha hukaa karibu palepale kwenye 1.55 kwa muda wote wa uhai wake, kisha ikifika mwisho inaanguka ghafla. Sasa chukua venia ya kidijitali ya fundi wa karakana, kile kifaa cha kupimia upana na unene wa vitu. Kampuni kama Mitutoyo hutoa venia zake zikiwa na SR44. Ukitia LR44 itawaka vizuri tu, lakini baada ya muda namba zitaanza kupepesa au onyo la betri litatokea, wakati betri yenyewe bado ina chaji ya kutosha. Fundi anasema venia imeharibika, kumbe imeshushiwa volti ikafika kiwango ambacho haiwezi kufanya kazi yake.

Kwenye saa ya mkononi ndiko ninakosikitika zaidi. Saa nyingi za mshale zinazotumia betri huvaa SR626SW, ambayo kwa baadhi ya watengenezaji huitwa 377. Ile ya alkali ya ukubwa huohuo ni LR626, na kwenye kadi za bei rahisi utaikuta imeandikwa AG4. Itaingia, na saa itatembea. Lakini ina chaji ndogo kuliko ya fedha, na betri za alkali zikizeeka ni nyepesi kuvuja. Kinachovuja ni kemikali kali inayotafuna shaba na kuacha ungauunga mweupe kwenye miguso. Saa ambayo mtu ameachiwa na baba yake haistahili kuwekewa kitu cha namna hiyo ili kuokoa gharama ya soda moja. Kuna jambo jingine zuri ambalo wengi hawalijui: saa nyingi za mtindo huu, betri ikikaribia mwisho, mshale wa sekunde huacha kwenda moja moja na kuanza kuruka mbili mbili, au nne nne. Saa haijafa, inakutaarifu tu kwamba ubadilishe betri. Ukiona hivyo nenda kwa fundi wiki hiyohiyo, usiiache betri iliyokwisha ikakaa ndani.

Sisemi kila kifaa kinahitaji betri ya fedha. Kikokotoo cha mwanafunzi kama Casio fx-991ES kimeandikiwa LR44 na kinaridhika nayo. Kipimajoto cha mtoto kwa kawaida hutumia LR41, na kwa kuwa huwashwa dakika chache na kuzimwa, alkali inatosha. Fuata kilichoandikwa kwenye kifaa au kwenye kitabu chake, usifuate kilichomo. Betri uliyoikuta ndani huenda ilitiwa na mtu aliyechagua kwa macho kabla yako.

Ninalolilalamikia waziwazi ni zile kadi zinazoandika majina yote kwa mpigo: AG13, LR44, SR44, 357. Haiwezekani betri moja ikawa ya alkali na ya fedha kwa wakati mmoja. Hapo mtengenezaji anakwambia tu kwamba itaingia kwenye tundu. Ukikuta AG, chukulia kwamba ni alkali.

Tuje kwenye za lithiamu, ambazo ndizo ziko kwenye rimoti za gari, mashine nyingi za kupima sukari, mizani za bafuni na ubao mama wa kompyuta. Hapa namba zinajieleza zenyewe: CR2032 ni milimita 20 upana na 3.2 unene, CR2025 ni 2.5 unene, CR2016 ni 1.6. Zote tatu ni volti 3, na ndiyo maana watu huzibadilishana. Mtu akikosa 2032 anatia 2025, halafu anajaza ile nafasi ya milimita 0.7 kwa kipande cha karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara kilichokunjwa. Rimoti inafanya kazi mezani pa fundi. Siku ikianguka sakafuni karatasi inahama, na gari haifunguki usiku uko mbali na nyumbani. Zaidi ya hapo umelipia chaji pungufu: 2032 hubeba takriban miliampea-saa (mAh, kipimo cha chaji) 220, 2025 karibu 160, 2016 karibu 90. Kinyume chake ni kibaya zaidi. Ukilazimisha nene mahali pa nyembamba, ule ulimi wa chuma unaoigusa betri unapinda, na hata ukirudisha saizi sahihi baadaye haugusi tena.

Na tafadhali, usitie LIR2032 badala ya CR2032. LIR ni ya kuchajiwa, na ikijaa hufika volti 4.2, nyingi mno kwa kifaa kilichoundwa kwa volti 3. Wala usijaribu kuchaji CR. Inaweza kupasuka.

Wanaotumia vifaa vya kusaidia kusikia wana yao, za zinki na hewa, zenye kikaratasi cha rangi juu: njano kwa namba 10, kahawia kwa 312, chungwa kwa 13, bluu kwa 675. Ukishabandua kile kikaratasi hewa imeingia na betri imeanza kuisha, hata ukikirudishia. Bandua, subiri dakika chache, ndipo uitie.

Kuhusu bandia na zilizochakaa, ushauri wangu ni kuangalia tarehe kwenye pakiti, na kukwepa zilizoachwa juani kwenye meza ya barabarani kwa sababu joto huzila hata kabla hujazinunua. Usiamini mita ya kupimia volti peke yake. Betri ya lithiamu iliyochoka inaweza kusoma volti 3 ikiwa haijabebeshwa kazi, halafu ikashindwa mara tu rimoti inapoitaka itume mawimbi.

Kuna jambo ambalo ningependa kila mwenye duka la vibetri alijue kuliko hayo yote. Mtoto akimeza betri ya milimita 20, inaweza kukwama kwenye umio. Mate yanaunganisha pande zake mbili, umeme unapita, na upande wa hasi unazalisha kemikali inayounguza nyama. Majeraha makubwa yanaweza kutokea ndani ya saa 2. Haihitaji kuwa mpya: betri iliyoshindwa kuwasha rimoti bado ina nguvu ya kutosha kumuunguza mtoto. Dalili zake ni kikohozi, kudondosha mate, kukataa chakula, kutapika, mambo ambayo mzazi na hata mhudumu wa afya wanaweza kudhani ni mafua. Kwenye picha ya eksirei inafanana na sarafu, ila ukichunguza ukingo wake unaona duara mbili, moja ndani ya nyingine.

Ukishuku mtoto amemeza, nenda hospitali wakati huohuo na useme neno "betri" tangu mlangoni. Usimtapishe. Kama amevuka mwaka mmoja, anaweza kumeza na hazijapita saa 12 tangu aimeze betri, wataalamu wa sumu wa Marekani wanashauri kumpa vijiko viwili vya chai vya asali kila baada ya dakika 10, visizidi mara sita, mkiwa njiani. Asali hupunguza kasi ya kuungua, haitibu, na usichelewe hata dakika moja kwa ajili ya kuitafuta. Mwaka 2022 nchi hiyo ilipitisha sheria iliyopewa jina la Reese, mtoto aliyefariki mwaka 2020 baada ya kumeza betri ya rimoti. Sheria hiyo inataka vifuniko vya betri visifunguke kirahisi kwa mtoto, na pakiti zenyewe ziwe ngumu kufungua.

Kwa hiyo pakiti inayokulazimu kuchukua mkasi ndiyo nzuri. Nyumbani kwangu kifaa chochote ambacho mfuniko wa betri hauna skrubu hakikai mtoto anapofika, na kama mfuniko umelegea naufunga kwa selotepu ngumu hadi nipate mwingine. Betri iliyotoka naibandika selotepu pande zote mbili papo hapo, kabla hata sijatia mpya, kisha naiweka kwenye kopo lenye kifuniko juu ya kabati. Mafundi nao waache kuzifagia za zamani chini ya meza, maana watoto hucheza palepale, na waache kuwafungia wateja betri mpya kwenye kipande cha gazeti. Anayeuza ampe mteja betri ikiwa ndani ya pakiti yake, na amsomee herufi zilizo mgongoni kabla ya kupokea hela.