Mbunge kaleta madarasa, sasa atusomee na hesabu nyingine

Taarifa ambayo mbunge huisoma kwenye mikutano ya kata inafanana karibu kila jimbo la Tanzania. Madarasa kadhaa yamejengwa, zahanati imepandishwa kuwa kituo cha afya, kisima kimechimbwa, TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, wamechonga kipande cha barabara. Kisha zinafuata shukrani kwa Rais kwa kuleta fedha. Baada ya UVIKO-19 taarifa hizo zilipata kichwa kipya, kufufua uchumi, na chini yake madarasa yalishika nafasi ya kwanza. Nadhani hapo zimechanganywa hesabu mbili, ya majengo na ya uchumi, ambazo mwananchi ana haki ya kusomewa kila moja peke yake.

Fedha zenyewe zinajulikana zilikotoka. Septemba 2021 Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, liliidhinisha mkopo wa dola milioni 567 kwa Tanzania, kama shilingi trilioni 1.3. Tarehe 10 Oktoba mwaka huo Rais Samia Suluhu Hassan akazindua Dodoma kampeni ya kuzitumia. Sehemu yake ilikwenda afya, nyingine maji, utalii na Zanzibar. Lakini kilichoonekana na kila mtu ni madarasa 15,000: 12,000 ya sekondari na 3,000 ya shule shikizi, zile ndogo za watoto wanaoishi mbali na shule mama, kila moja kwa shilingi milioni 20.

Wanaoutetea uamuzi huo wana hoja nzito, na mimi nazikubali nyingi. Tangu elimu bila ada ianze 2016, kila Januari ilikuwa na watoto waliofaulu darasa la saba wakabaki nyumbani kusubiri chaguo la pili, si kwa sababu ya alama bali kwa kukosa mahali pa kukaa. Mtoto wa kike wa kijijini aliyebaki nyumbani miezi miwili mitatu mara nyingi hakurudi. Januari 2022, waliofaulu walikuwa zaidi ya 900,000 na wakapangiwa kidato cha kwanza kwa mkupuo mmoja. Hilo ni jambo kubwa, na mbunge aliyesimama kulisema alikuwa na haki ya kulisema kwa sauti.

Tena kuna ubora mmoja ambao hausifiwi vya kutosha. Bei ilikuwa moja na kila mtu aliijua. Mwenyekiti wa kijiji, mama anayeuza chai nje ya geti la shule, fundi aliyekosa kazi ile, wote waliweza kuhesabu: vyumba vitatu, milioni sitini. Kwa kuwa kazi ilifanywa kwa utaratibu wa fosi akaunti, yaani shule yenyewe inasimamia ujenzi badala ya kumpa mkandarasi, shule iliunda kamati zake za ujenzi, za manunuzi na za mapokezi, na mafundi walikuwa wa hapo hapo. Mapokezi maana yake mzazi anasimama kwenye lori, anahesabu mifuko ya saruji, anasaini. Ukaguzi wa namna hiyo hauhitaji shahada, na ungefaa sana kwenye miradi ya maji, ambako mwananchi hana habari pampu imenunuliwa kwa bei gani.

Bei hiyo moja ilikuwa na shida yake. Milioni 20 za shule iliyo jirani na mji si milioni 20 za Ukerewe au Mafia, ambako saruji na nondo zinavuka maji kwanza. Tena ukizifanya halmashauri zote za nchi kununua bati na saruji ndani ya miezi ile ile, lazima wenye maduka wapandishe. Pengo likazibwa na nguvu za wananchi: kuchota maji, kusomba mchanga, kuchimba msingi, ule msaragambo ambao wazee wa Kilimanjaro na Tanga wanaufahamu tangu zamani. Mchango huo ni nadra kuusikia ukitajwa kwenye taarifa za viongozi. Ungetajwa.

Sasa tuje kwenye uchumi wenyewe. Mwaka 2019 Tanzania ilipokea watalii 1,527,230. Mwaka 2020 wakashuka hadi 620,867. Nyuma ya tarakimu hizo kuna mpagazi wa Moshi, dereva wa Karatu, mkulima wa mboga aliyekuwa akiuza hotelini, na kinyozi aliyemnyoa huyo dereva. Darasa jipya liliwapa baadhi yao kibarua cha wiki kadhaa. Nafuu ya kweli ilikuja ndege ziliporudi: 2022 watalii walifika 1,454,920, na 2023 wakapita 1,800,000. Kwa hiyo mbunge wa ukanda ule akisema kazi zimerudi, anasema kweli. Akizifunga kazi hizo na idadi ya madarasa, hapo mimi simfuati. Darasa ni uwekezaji unaozaa baada ya miaka kumi na tano. Deni la dereva kwa mwenye nyumba lilikuwa la mwezi ule.

Na hata hiyo miaka kumi na tano ina masharti. Aprili 2022 serikali ilitangaza ajira za walimu 9,800 kwa nchi nzima, miezi michache baada ya vyumba 15,000 kukamilika. Ruzuku ya mwanafunzi imebaki shilingi 10,000 kwa mwaka kwa shule ya msingi na 25,000 kwa sekondari, viwango vya enzi za MMEM na MMES, ile mipango ya zamani ya maendeleo ya elimu ya msingi na sekondari, na si yote inayofika mkononi mwa mwalimu mkuu. Chaki, karatasi za mtihani, kitasa kilichovunjika, vyote vinasubiri humo.

Kuhusu mkopo, wengi waliambiwa ni wa masharti nafuu. Kwa theluthi moja ni kweli kabisa: hauna riba na unalipwa ndani ya miaka kumi. Theluthi mbili zilizobaki zilitoka kwenye dirisha la dharura la IMF ambalo lina riba, na marejesho yake hukamilika ndani ya miaka mitano. Bado naona ulikuwa mkopo wa kuchukuliwa, kwa sababu dunia nzima ilikopa mwaka ule na sisi hatukuwa na mfuko wa akiba wa kutegemea. Lakini jengo la miaka thelathini kulilipia kwa mitano ni mzigo unaogusa bajeti ya kila halmashauri, na mwananchi alistahili kuambiwa hivyo na mtu aliyempigia kura.

Kuna aliyejaribu kuyasema ya madeni hadharani. Desemba 2021 Job Ndugai, mbunge wa Kongwa na Spika, alihoji mwendo wa kukopa, akatetea tozo, akaonya kwamba iko siku nchi itapigwa mnada. Nilimpinga kwenye tozo hizo za miamala ya simu, zilizowaumiza wanaotumiana elfu kumi kumi. Swali lake kuhusu deni, hata hivyo, lilikuwa swali halali la Bunge. Aliomba radhi tarehe 3 Januari 2022, akajiuzulu uspika tarehe 6. Katika Bunge ambalo chama kimoja kilikuwa na zaidi ya 250 ya majimbo 264, kila mbunge aliona yaliyompata. Sishangai kwamba baada ya hapo taarifa za majimboni zilizidi kuwa za shukrani.

Ibara ya 63 ya Katiba inalikabidhi Bunge kazi ya kuisimamia na kuishauri serikali kwa niaba ya wananchi. Kuna wanaosema mbunge asipoonyesha alicholeta atanyimwa kura, na ni kweli. Sisi wenyewe tumemzoesha hivyo kwa kumuuliza ametuletea nini. Ila yapo ambayo angeweza kuyasema bila kugombana na mtu. Mbunge ni mjumbe wa baraza la madiwani. Huko ndiko mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani inakosimamiwa, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu, bila riba. Kama kuna fedha za umma zilizoweza kumwinua mama lishe aliyefilisika 2020, ni hizo. Aprili 2023 zilisimamishwa kwa sababu ya upotevu na vikundi hewa, zikarudi Julai 2024. Zaidi ya mwaka mmoja dirisha lilifungwa kwa vikundi vyote, vya kweli na vya uongo. Nataka kusikia kwenye mkutano wa kata vikundi vingapi vya kata hiyo viliomba tangu lilipofunguliwa, vingapi vilipata, vingapi vimerejesha, na fedha zilizoliwa kabla ya 2023 ni nani kati ya watumishi wa halmashauri ametakiwa kuzirudisha.