Anayekopa Asijipimie Kikomo

Mwaka 2018 nilikopa shilingi 500 kwa simu, kupitia programu moja ya mikopo, niongezee pesa za belo la nguo za watoto. Nikalipa kabla wiki haijaisha. Ujumbe ukaingia: hongera, kikomo chako kimepanda hadi 1,000. Nilifurahi kama mtu aliyepandishwa cheo. Kufikia mwaka uliofuata niliweza kuchukua 20,000 nikiwa nimesimama kibandani kwangu Gikomba, soko la mitumba Nairobi, bila kumwambia mtu yeyote, hata mume wangu.

Kisha nikafungua belo lisilo na kamera hata moja, yaani nguo za daraja la kwanza. Wauzaji wenzangu wa mitumba wanaujua uchungu huo: unapekua hadi chini na ni fagia tupu, zile mbovu za mwisho. Nikakopa kwenye programu ya pili nilipe ya kwanza. Siku za kulipa zilipopita, wakopeshaji hawakunipigia mimi peke yangu. Walimpigia mwalimu wa mtoto wangu. Walimpigia mama mkwe huko Machakos, naye akauza mbuzi akatuma pesa, wala hakuniuliza neno. Hadi leo nikiingia kwake macho yangu huangalia chini.

Kanuni za mwaka 2022 zilizosimamiwa na Benki Kuu ya Kenya zilikataza wakopeshaji wa simu kuwasumbua watu waliomo kwenye simu ya mdaiwa. Nashukuru. Lakini mimi niliumia mapema zaidi, siku ile nilipoweza kukopa bila mtu wa kuniuliza, "Utalipa na nini?"

Chama chetu, kikundi chetu cha kuweka akiba na kukopeshana, huuliza. Kila Jumapili, anayeomba mkopo hutoka nje, na waliobaki wanamzungumzia bila kumwonea haya: biashara yake ikoje, deni la nyuma limefika wapi, nani atamdhamini. Wadhamini wawili wanatia sahihi, mhazini anasoma daftari kwa sauti. Ni aibu kidogo, na aibu hiyo imetuokoa wengi.

Serikali yetu haitoki nje. Mwaka 2019 Bunge liliacha kikomo cha deni cha asilimia 50 ya pato la taifa, likaweka shilingi trilioni 9. Tulipoikaribia, Juni 2022 ikawa trilioni 10. Mwaka 2023 tarakimu yenyewe ikafutwa, ikaja asilimia 55 ya pato la taifa kwa thamani ya sasa, yaani malipo ya miaka ijayo yakihesabiwa kwa thamani yake ya leo. Wanaotaka pesa ni Hazina, na wanaoinua kikomo ni wabunge wale wale wanaopitisha bajeti ya kuzitumia. Mtu akiwa na uwezo wa kukopa na uwezo wa kujipimia kwa pamoja, hayo ni mamlaka mengi mno, hata awe mwema kiasi gani. Mimi nilikuwa mwema. Nilikuwa nanunua nguo za watoto za kuuza.

Na wadhamini ni sisi. Mikopo ya SGR, reli yetu mpya ya kisasa, kutoka China ilitiwa sahihi mwaka 2014. Sehemu ya mikataba hiyo tulioneshwa mwishoni mwa 2022. Miaka minane tumedhamini karatasi tusiyoiona! Katika chama chetu mhazini wa namna hiyo asingemaliza kikao.

Februari 2024 nchi ikauza hatifungani, yaani hati ya kukopa kwa wawekezaji, ya dola bilioni 1.5 kwa riba ya asilimia 9.75, ili kupunguza ile ya dola bilioni 2 ya mwaka 2014 iliyokuwa na riba ya asilimia 6.875. Nilisoma habari hiyo nikaikumbuka programu yangu ya pili. Miezi michache baadaye ukaja Mswada wa Fedha, na ndani yake ushuru wa asilimia 16 kwa mkate. Kipengele cha mkate kiliondolewa, lakini hasira ilikuwa imeshawaka. Juni 25 vijana wakafika hadi ndani ya Bunge, na wapo ambao hawakurudi nyumbani. Kesho yake Rais akakataa kuutia sahihi mswada. Watoto wale walikuwa wanauliza swali la chama, na hakukuwa na kikao cha kuwapokea.

Jumapili iliyopita niliomba chama 30,000 za belo. Nikatoka, nikakaa kwenye ngazi nikisikia sauti zao bila kushika maneno. Waliponiita ndani waliniambia 15,000, na kwamba deni langu la mwezi wa tatu bado lina salio. Ni kweli, lina salio. Nikachukua 15,000.