Mjomba hakukosa msimamo

Mjomba wangu alikuwa fundi seremala. Asubuhi mkono unamtetemeka mpaka chai inamwagikia kwenye kisahani, akishapata gongo kidogo tu mkono unatulia anashika randa kama kawaida. Mtaa mzima ulisema hana msimamo, na mi pia nilisema, mpaka leo inaniuma.

Kilichonigeuza ni hesabu. Wolfram Schultz, mtafiti wa ubongo, alikua anapima seli za dopamini (kemikali ya ubongo inayohusika na zawadi na kujifunza) kwenye ubongo wa nyani wanaopewa juisi, mwanzoni zinashtuka juisi ikija, nyani akishazoea kwamba taa ikiwaka juisi inafuata basi zinashtuka kwenye taa tu, juisi yenyewe hazina habari nayo, na isipokuja zinanyamaza. Mwaka 1997 yeye na watafiti wenzake Peter Dayan na Read Montague wakaonyesha hiyo ni hesabu ya kutoa kabisa: ulichopata toa ulichotegemea. Ikibaki sifuri, hakuna jipya la kujifunza.

Sasa 2004 mtafiti mwingine, David Redish, akaja na modeli ya uraibu, yaani maelezo yake kwa hesabu, kwamba kilevi kinapandisha dopamini chenyewe, kwa hiyo jibu halifiki sifuri hata siku moja, yaani kila dozi ubongo unaandika "hii imezidi nilivyotegemea" hata kama mwenyewe hafurahii tena. Niliposoma hapo nilimuona mjomba kabisa, kashika glasi huku analia.

Modeli yenyewe ilikuja kukwama, maana 2007 watafiti waliijaribu kwa panya na kokeini, panya waliokwisha zoea ishara moja ya kokeini wakaongezewa ya pili, modeli ilisema wataishika na hiyo nayo kwa kuwa jibu halifiki sifuri, wapi, hawakuishika. Mi kwangu hapo ndo naiheshimu zaidi, inasema kitu wazi mpaka unaweza kuikamata imekosea. "Hana msimamo" utaipima na nini?

Siku hizi hawaangalii seli moja moja tu, wanatengeneza na modeli za mitandao mizima ya ubongo, namna kunywa kunavyohama kutoka sehemu za kutafuta raha kwenda sehemu za mazoea, zile zinazokupeleka miguu kabla hujaamua. Kazi hii iungwe mkono, na huku kwetu pia wanywaji wapimwe kwenye utafiti kama huo.

Sisi tulimfungia mjomba ndani tukidhani tunamsaidia. Siku ya pili akaanguka kama mtu wa kifafa, na hakuna aliyekua ametuambia kwamba anayekunywa sana kila siku hakatishwi ghafla bila daktari.