Simu Yangu Ilivyofunga Ndoa na Gari

Kisa hiki kilianza na madafu. Asubuhi moja nilikuwa Tabata Relini, katika ile foleni inayosogea kwa hisani, simu ikaita. Nikaiweka sikioni kwa mkono wa kulia, nikauachia mkono wa kushoto kazi ya usukani, na akili nikaipeleka Morogoro, alikokuwa kaka yangu mkubwa akinisimulia habari za shamba, hivyo kilichobaki garini kilikuwa kiwiliwili tu. Kiwiliwili hakikumwona muuza madafu aliyekuwa akikatiza na baiskeli yake. Nashukuru kwamba mwendo ulikuwa wa kobe na hakuna aliyeumia, ila baiskeli ililala chali na madafu 14 yakatawanyika barabarani kama watoto wa shule waliosikia kengele ya kutoka. Niliyalipia yote. Nilikunywa mawili, na yaliyobaki yalinywewa na mashahidi, ambao idadi yao ilikuwa ikiongezeka kila dafu lilipokatwa.

"Mzee," muuza madafu aliniambia huku akihesabu fedha zake, "magari ya siku hizi yanapokea simu yenyewe. Wewe unaishika ya nini sikioni kama umebeba tofali?"

Maneno yale yaliniingia, lakini utekelezaji wake ulikuwa na kikwazo. Gari langu ni dogo, lilitumika Japani kwa miaka 11 kabla ya kushushwa katika bandari ya Dar es Salaam, na lilikuja na redio yenye kioo cha kugusa ambayo mpaka leo haijui neno hata moja lisilo la Kijapani. Wenye magari ya namna hii watanielewa. Masafa ya FM ya kwao yalipangwa kuanzia 76 hadi 90, na ya kwetu yanapanda mpaka 108, kwa hiyo redio hizo hunasa vituo vyetu vichache vya chini, na vingine utavisikia kwa jirani mpaka ufungiwe kidude cha kubadili masafa. Ramani nayo ni ya Japani. Nikiwa Buguruni nahangaika na daladala, kishale cha gari langu kimeganda katika mtaa mmoja wa huko, nadhani mahali ambapo mwenyewe wa kwanza aliliegesha kwa mara ya mwisho.

Tena yumo mwanamke. Kila ninapowasha gari, sauti nyororo ya kike husema sentensi moja ndefu ya Kijapani kisha hunyamaza. Kwa miaka miwili niliamini kwamba ananitakia safari njema, nami kwa adabu niliyolelewa nayo nilikuwa nikimwitikia, "Ahsante, mama." Ndipo kijana mmoja aliyesoma huko akanieleza kwamba yule mama hana habari na safari yangu, analalamika tu kwamba sijachomeka kadi ya kulipia barabara za kasi. Sikuacha kumwitikia. Mazoea yana taabu.

Nikaenda Gerezani kwa fundi wa redio za magari. Fundi huyo hasomi Kijapani, lakini amekariri mahali ambapo kila kitu kinakaa, kama mtu anayetembea chumbani kwake gizani. Alibonyeza mraba wa tatu kutoka chini, akarudi nyuma, akabonyeza wa pili, kisha akaniambia nifungue Bluetooth kwenye simu yangu. Simu yangu nimeiweka katika Kiswahili, na maneno iliyonionyesha yalikuwa haya: "Oanisha kifaa kipya." Mtu mzima ukiona neno hilo lazima utabasamu, maana ndani yake umo mzizi wa kuoa. Fundi alikuwa mshenga, mahari ilikuwa shilingi 15,000, na nambari ya siri, kama ilivyo kwa vyombo vingi vya namna hiyo, ilikuwa sufuri nne. Hata jina la teknolojia yenyewe lina habari za kuunganisha watu: limetokana na Harald, mfalme wa Denmark wa karne ya 10 aliyepewa lakabu ya Jino la Buluu na anayesifiwa kwa kuwaunganisha Wadenmark, na ile alama yake imeundwa kwa herufi mbili za kale za jina lake. Nilipomweleza fundi hayo, aliniuliza kama mfalme huyo alikuwa akivuta tumbaku.

Mwishowe gari liliomba ruhusa ya kunakili kitabu chote cha majina kutoka kwenye simu. Nikabonyeza "Ruhusu" bila kujiuliza ni majina gani niliyowahi kuwabandika watu katika miaka yote hiyo.

Juma la kwanza lilikuwa la fungate. Simu ilikaa mfukoni, mikono yote miwili ikakaa kwenye usukani, na sauti za watu zikatoka milangoni kana kwamba nimewapakia. Nakiri kwamba hata hivyo akili huweza kusafiri peke yake: siku moja nilikuwa nikizungumza na kaka, mikono ikiwa mahali pake kabisa, nikaipita njia ya kwangu na kuzinduka nikiwa Vingunguti. Lakini sikumgonga mtu wala dafu. Palikuwa na doa moja tu. Mke wangu alikuwa kando yangu siku ambayo kioo kiliandika kwa herufi kubwa "USIPOKEE 2", na ilinichukua safari nzima kumweleza kwamba huyo ni mtu ninayemdai, au kwa usahihi zaidi, anayenidai.

Sasa nimlete mama mkwe. Alikuja kutoka Tanga kwa ajili ya wiki moja ya kuangaliwa macho hospitalini. Macho yaliangaliwa, yakapewa miwani, na miwani ikapendezwa na Dar es Salaam. Ni mama mwema, mpishi wa bokoboko lisilo na mfano, ila alikuwa amekikalia kiti changu cha mbele ya televisheni, na saa ya taarifa ya habari ikawa saa ya tamthilia za Kituruki. Mimi sikusema neno nyumbani. Nilikuwa nikimwambia kaka yangu tu, kwa simu, jioni.

Jumamosi moja mke wangu na mama yake walijiandaa kwenda sokoni. Mimi nilikuwa sebuleni, nimejilaza, nikizungumza na kaka kwa sauti ya chini, simu ikiwa sikioni. Gari lilikuwa limeegeshwa chini ya dirisha, hatua tano kutoka kichwani pangu, na hapa inafaa kueleza jambo ambalo fundi hakunieleza. Mawimbi ya Bluetooth hufika kiasi cha mita 10, na ukuta mmoja wa tofali hauyazuii kila mara. Tena simu na redio zikishaoana hazihitaji kutambulishwa upya, kwa sababu redio ikipata umeme tu huanza kumtafuta mwenzake, na ikimkuta katikati ya mazungumzo huyachukua mazungumzo hayo yalivyo. Sauti ya mtu wa upande wa pili huhamia kwenye spika za milango, na kipaza sauti kinachofanya kazi ni cha garini. Wewe mwenye simu unabaki umeshika kipande cha plastiki.

Mke wangu alizungusha ufunguo. Nilimsikia yule mama wa Kijapani akilalamikia kadi yake, kisha simu ikawa kimya sikioni. Nilidhani mtandao umekatika. Kumbe kaka alikuwa ndiyo kwanza anakolea, na sauti yake, ambayo hata bila spika inatosha kuita watu shambani, ilikuwa ikitoka katika milango minne:

"Kwani si wewe uliyeniambia juzi kwamba mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe? Wiki moja imekuwa siku ya arobaini na ngapi sasa? Hata arobaini ya marehemu ingekuwa imeshasomwa, watu wametawanyika!"

Garini, haya nimesimuliwa na mke wangu baadaye na kwa kisirani, mama mkwe alirekebisha miwani yake, akakitazama kioo cha redio, akajibu kwa upole wa Kitanga: "Leo ni ya arobaini na moja, baba."

Kaka akashtuka. "Nani mwenzangu?"

"Ndiye mgeni mwenyewe."

Yote hayo yangeweza labda kusuluhishwa, kwa kuwa mpaka hapo aliyesikika ni kaka, na kaka angeweza kusingiziwa. Lakini mimi nami sikukaa kimya. Kwa kuwa sikusikia kitu, nilifanya anachofanya kila Mtanzania mtandao unapomsumbua: nilisimama, nikasogea dirishani nitafute mawimbi, nikapaza sauti kwa nguvu zangu zote.

"Hallo! Kaka, sikusikii! Lile la jembe umesema kweli tupu! Hebu lirudie!"

Chini ya dirisha, nyuso mbili ziliinuka na kunitazama. Kaka alikuwa ameshakata simu. Mke wangu alitia gia, gari likatoka polepole getini, nami nikabaki nimeshika pazia.

Walirudi baada ya muda wa saa tatu. Mama mkwe alishuka akiwa na kikapu mkono mmoja, na mkono wa pili ameshika jembe jipya, mpini wake ungali unanukia mti mbichi. Nilimwamkia kwa sauti iliyokauka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hesabu nimeipiga njiani. Siku ya tatu ilipita zamani, hivyo nimechelewa kazini siku 38. Utanionyesha pa kuanzia?"

Alfajiri iliyofuata niliamshwa na mdundo wa chuma kwenye udongo. Nilitoka mbio nikiwa na shuka kiunoni, nikamkuta nyuma ya nyumba akilima, kitenge amekifunga vizuri, miwani iko puani, huku majirani wawili wakiwa wamesimama ukutani kwa heshima kama watu wanaoangalia maiti ikipita. Nilimwomba jembe. Alikataa. Nilimwomba radhi, akaniambia radhi anayo tele, anachokosa ni matuta. Nikapiga magoti pale pale udongoni, na ndipo akanikabidhi mpini, akavuta kigoda, akakaa kunielekeza. Kwa siku 12 nililima kila alfajiri kabla ya kwenda kazini. Tulipanda mchicha, bamia na pingili za mihogo, na watu wa mtaani wakawa wananipa pole ambazo hazikuwa na huzuni ndani yake. Kwenye simu nilikuwa na kitufe kilichoandikwa "Sahau", ambacho kingevunja ile ndoa bila kadhi wala mashahidi. Nilikiangalia mara nyingi. Nilikumbuka madafu, nikakiacha.

Siku yake ya kuondoka nilimpeleka mwenyewe katika kituo cha mabasi cha Magufuli kule Mbezi. Tulikuwa tumepatana kabisa. Alikaa mbele kando yangu, mikono yangu yote iko kwenye usukani, ananisifia mwendo. Kabla ya kufika Ubungo, tukiwa tumesimama kwenye taa nyekundu, akaanza kuupekua mkoba wake, akautoa msala, akazitoa karanga, akaitoa tiketi.

"Mwanangu, simu yangu siioni. Hebu nipigie niisikie inakolilia."

Nilifurahi kupata nafasi ya kumwonyesha kwamba chombo kile kina manufaa pia. Sikugusa simu. Niligusa kioo mara moja, kwenye orodha ya watu niliozungumza nao karibuni, na gari likaanza kupiga. Simu yake ikalia chini ya kiti. Hakuinama kuiokota. Alikuwa ameivuta miwani mbele kidogo, ile miwani mpya aliyoifuata Dar es Salaam, na anasoma kwa utulivu jina lililojaa kwenye kioo tangu upande hadi upande: "MKUU WA MAJESHI".

Nyuma, mke wangu alikohoa.

Simu iliendelea kuita. Mama mkwe alilitazama lile jina, akanitazama mimi, akalitazama tena, kisha akajiegemeza vizuri kitini na kufunga mkanda wake.

"Kijani hiyo, kuruta," akasema. "Endesha."